Mfaa wa Mlango wa Arusi

Katikati ya kusi ya mwaka 2012 nilikuwa na kazi moja ya maana na ahadi nyingine nane. Kazi ilikuwa mlango: mbao mbili, miimo, kizingiti na mfaa wa katikati, vyote vya mbambakofi. Mama mmoja wa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, alikuwa anamtengenezea bintiye ghorofa ya juu, na arusi ilikuwa Shaaban, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Zile nane zilitokana na njaa. Mwishoni mwa 2011 wageni walitekwa nyara visiwani kwetu, watalii wakapotea, na nyumba za Shela nilizokuwa nikizichongea vitanda na makasha zikafungwa madirisha. Nikakaa miezi bila oda. Mtu aliyekosa kazi huogopa kukataa hata isiyo na malipo. Nikawa katibu wa timu ya mpira. Nikaingia kamati ya chakula cha wageni wa Maulidi, na Maulidi yakaisha, wageni wamerudi kwao, mimi bado nashikilia daftari la mchele. Machi Rais Kibaki alipokuja Magogoni kuzindua ujenzi wa bandari ya Lamu, mitaa ikazaa kamati za vijana, nami nikaandikwa katika mbili. Kila aliyenijia nilimpa jibu moja: inshallah.

Na Lamu si mji wa kumkwepa mtu. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda wawili wenye mizigo wakikutana, wewe unabanana na ukuta. Uliyemwambia inshallah asubuhi utamkuta adhuhuri, utamkuta alasiri, na baada ya Isha ndiye aliyekaa karibu na birika la kahawa.

Siku hiyo nilikuwa kwenye ua la tatu la mfaa. Mfaa ndio uso wa mlango wa kwetu. Mgeni huusoma kabla hajapiga hodi. Mkono wa kulia nyundo, wa kushoto patasi, simu nimeibana kwa bega. Mwenyekiti wa timu anauliza jezi ziko kwa nani. Nikageuza kichwa kutafuta daftari. Patasi ikapita mstari, ikaingia chini ya nyuzi za mti, na kibanzi cha urefu wa kidole kikanyanyuka na nusu ya ua.

Nilifanya wanavyofanya mafundi wote, asikudanganye mtu: gundi, unga wa mbao, msasa, kisha mafuta juu yake. Kwa mbali hujui. Alasiri akapita Ami, ndugu ya baba, aliyenifunza kazi. Hakutazama. Alipitisha ukucha, na ukucha ukakwama.

"Huu wa nani?"

"Wa mlango wa arusi, Ami."

"Basi si huu." Akaenda zake msikitini.

Usiku nilichukua kipande cha mbao na kalamu, nikaandika yote niliyoahidi. Nilidhani nitapata manne. Yalipofika tisa pamoja na mlango, nikakumbuka nilipolala na homa siku kumi. Nikajiuliza: siku zile, kipi kilisimama? Timu ilicheza ikashinda mbili bila, na bila katibu. Mikutano ilifanyika. Vilivyosimama vilikuwa viwili: benchi langu la kazi, na mtoto wa dada yangu niliyekuwa namfunza kushika bobari, patasi ya mviringo, ambaye kila siku alikuja akakuta mlango umefungwa akarudi. Vile saba sikuvifuta usiku ule. Nilivitazama tu, nikaona haya.

Kuvirudisha ndiko kulikonitoa jasho. Nilianza na mwenyekiti, barazani mbele ya Ngome, nimebeba daftari na maneno niliyoyapanga tangu alfajiri. Sikumaliza hata nusu. "Mwenzetu," akasema, "katibu mwingine tumemweka tangu mwezi jana. Tulikuwa twakuonea haya kukwambia. Wewe tulitaka jezi tu."

Mzee wa daftari la mchele alinuna, akapita wiki mbili bila kunijibu salamu sawasawa. Kamati za bandari niliziaga kwa furaha, maana nilizozijua mimi zilikuwa za kutia sahihi ya mahudhurio na kunywa soda. Hapo nilikosea, na naweza kusema hivyo leo. Shemeji yangu mvuvi alibaki kwenye mikutano ya wavuvi, ile mirefu isiyo na soda, na mara mbili aliniomba nikawasaidie kuandika. Nikamwambia siwezi, nina mlango. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na bandari ile. Kipimo changu cha homa hakikunionyesha hilo. Ningelala, kesi ingekwenda. Kwa hiyo nikaiweka kapu moja na jezi.

Mbambakofi mwingine niliupata Matondoni, kwa fundi wa majahazi, nikaulipia kwa pesa yangu. Simu nilimwachia mtoto wa dada. Mlango ulisimamishwa siku nne kabla ya arusi.

Mama wa bibi arusi alikuja kuutazama, akapitisha kidole kwenye mfaa, polepole, ua hadi ua.

"Na ule wa kwanza uliupeleka wapi, fundi?"

Kumbe alipita siku moja sipo akauona. Nikamwambia kweli yote, hata habari ya jezi. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya, kisha akataka nimchongee mlango wa ndani pia.

"Siwezi kabla ya Mfungo Tatu, mama." Yaani mwezi wa tatu baada ya Ramadhani.

Akanitazama. "Husemi inshallah?"

"Inshallah," nikasema. "Lakini Mfungo Tatu."