Nesi akichoka sana, hiyo ni risk ya hospitali

Kwenye rejista ya vihatarishi ya hospitali yetu utakuta moto, jenereta kuzima, dawa kuisha stoo, ila nesi aliyebaki peke yake wodi ya wazazi usiku kucha hayumo, yeye anaambiwa avumilie tu kazi ni wito. Sasa saa kumi alfajiri huyohuyo ndo anavuta dozi ya magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba, macho mazito, hesabu ya mililita inampiga chenga, hapo bado mnasema ni shida yake binafsi?? WHO 2019 walishasema bernauti, yaani ule uchovu wa kuishiwa kabisa nguvu na moyo wa kazi, inatokana na stresi ya kazini isiyosimamiwa vizuri. Sisi tunaletewa semina ya motivesheni na soda, jamani. Mi ningeanza na rosta, usiku wawe wawili.