Mia tano ya vocha

Toka Jumanne sijakaa sawa. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, tumehesabu stoo na Hamisi kasimamishwa kazi, Jumamosi Salma kaolewa, ila mimi kichwani nina simu moja tu ya dakika sita.

Mama Mkubwa kanipigia kutoka Muheza, ndiye anayekaa na watoto wa dada. Dada toka aende Muscat kwenye zile kazi za ndani anatuma akilipwa, baba wa watoto ndo hivyo tena, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi natuma elfu 60. Shikamoo, marahaba, akasema Zuhura, mtoto wa dada, shuleni anatakiwa awe na madaftari manne, zile kaunta buku, na viatu vimeachia soli. Na mimi, labda ni kule kuhesabu misumari kutwa nzima sijui, nikamwambia, "Kwani mama, ile ya mwezi uliopita ilifanya nini?"

Kimya. Nikasikia kuku. Halafu akaanza pole pole, hata hasira hana. "Unga kilo kumi. Sukari mbili. Dawa ya kifua ya mdogo. Mchango wa chakula shuleni, wa wote wawili. Sabuni. Mia tano vocha."

Nikauliza vocha ya nini. Jamani, nikauliza!

"Ya kukupigia wewe, mwanangu."

Basi tokea hapo ile simu nairudia bafuni, nairudia kwenye daladala, kuna saa namkatiza kabla hajafika kwenye sabuni. Watu wanasema shule bure toka 2016, sawa ada hakuna, lakini viatu je? Hata TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanachotaka mtoto aonekane darasani na mdogo apelekwe kliniki, hawaulizi sukari imeishaje. Nimeuliza mimi, niliyekula kwake miaka mitatu mama alipokuwa anaumwa, tena nilikuwa mlafi wa mihogo balaa.

Alhamisi nikatuma elfu 25 na ya kutolea juu, sikuandika kitu. Jioni ikaingia meseji kutoka namba ya Mama Mkubwa, ila mwandishi ni Zuhura: "Mjomba shikamoo. Viatu mtumba 12,000. Kaunta 4 10,000. Imebaki 3,000 bibi kaweka kwenye kopo. JUMLA 25,000." Na chini ya jumla kapiga vistari viwili kabisa, kama leja. Nilicheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Huyu mtoto hesabu anaziweza, nikajisikia raha mpaka Ubungo.

Nimefika nyumbani nimeisoma tena ndo nikaona kwamba sasa hivi wananiletea hesabu bila hata kuulizwa. Nimeandika "marahaba, hiyo ya kwenye kopo nunueni mnachotaka", nimefuta, nimeandika tena, bado haijaenda.

Halafu hili friji toka jana linanguruma kama pikipiki, saa nane usiku linazima lenyewe, na samaki wa Salma wote wamo humo.