Kamba Kiunoni, Tai Shingoni

Mwaka 2013, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ya sheria katika mji mmoja wa kusini mwa Japani, mwalimu wetu wa sheria ya jinai alitupeleka mahakamani sisi wanafunzi wa kigeni tukajionee yale tuliyokuwa tukiyasoma vitabuni. Katiba ya nchi hiyo inataka mashauri yasikilizwe hadharani, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuingia, akatazama orodha ya mashauri ya siku ile, akachagua chumba na kuketi, ilimradi asipige picha wala kurekodi sauti. Kuandika kunaruhusiwa, ingawa ruhusa hiyo nayo haikupatikana kirahisi: kabla ya mwaka 1989 msikilizaji wa kawaida alikuwa akizuiwa kunukuu chochote, hadi shauri la mwanasheria Mmarekani Lawrence Repeta lilipofika Mahakama ya Juu. Mimi nilikwenda na daftari, na ndilo ninalolitegemea ninapoandika haya.

Asubuhi tulisikiliza shauri la wizi wa dukani, lililokuwa mbele ya jaji mmoja. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, akaingia mwanamume wa makamo katikati ya askari wawili, mikono imefungwa pingu kwa mbele, na kiunoni amezungushiwa kamba ya buluu ambayo ncha yake ilishikwa na askari aliyemfuata. Alivaa nguo za mazoezi za kijivu zilizopauka kwa kufuliwa, suruali haina uzi wa kukazia, na miguuni ndala za plastiki ambazo alilazimika kuziburuza ili zisimvuke. Mbele yetu alikaa bibi mmoja peke yake, mkoba mapajani. Mshtakiwa alimtupia jicho mara moja, kisha akainamisha uso na hakuuinua tena mpaka jaji, aliyekuwa amekwisha kuketi katika joho lake jeusi, alipoamuru afunguliwe. Askari alifungua pingu, akalegeza fundo la kamba, akaikunja taratibu na kuiweka kando yake kwenye benchi, ambako ilibaki ikionekana muda wote wa shauri.

Kifungu cha 287 cha sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya Japani kinasema kwamba mshtakiwa hatafungwa mwili wake awapo mahakamani, isipokuwa akifanya fujo au akijaribu kutoroka. Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho wiki chache kabla, na nikakaa pale nikijiuliza kiko wapi. Jibu ni kwamba kwa desturi ya wakati ule katazo hilo lilihesabiwa kuanzia jaji anapofungua shauri hadi anapoliahirisha. Dakika zinazotangulia na zinazofuata, ambazo wasikilizaji wamo chumbani na macho yao wanayo, ziliwekwa nje ya hesabu. Shauri lilipokwisha, yule bwana alinyoosha mikono mwenyewe kabla ya kuambiwa, akafungwa mbele yetu, akatolewa.

Mavazi nayo yana maelezo yake. Mkanda na tai hukatazwa kwa hofu kwamba mahabusu atajinyonga au atamdhuru mwingine, na viatu hukatazwa kwa sababu anayevaa ndala hakimbii mbali. Sizidharau sababu hizo, maana kifo cha mtu aliye mikononi mwa serikali ni jambo zito. Hata hivyo, kwetu Tanzania nimeona mahabusu wakishuka kwenye karandinga wamevaa mashati yao waliyopigiwa pasi na ndugu zao, na sijasikia kwamba mkanda wa suruali umeangusha mahakama yoyote.

Mchana tulihamia chumba kikubwa zaidi, ambako kulikuwa na shauri la unyang'anyi uliosababisha majeraha. Hilo lilisikilizwa chini ya utaratibu ulioanza Mei 2009, ambapo raia sita waliochaguliwa kwa bahati nasibu huketi pamoja na majaji watatu katika makosa mazito. Msomaji wa kwetu atawafikiria wazee wa baraza, lakini raia hao wana mamlaka makubwa zaidi: kura zao huhesabiwa pamoja na za majaji katika kuamua hatia na adhabu pia.

Mshtakiwa wa mchana alikuwa kijana. Alivaa suti nyeusi, shati jeupe na tai, akakaa ubavuni mwa wakili wake. Mwalimu alituinamia akatunong'oneza tuangalie vizuri. Ile tai ilikuwa imekwisha kufungwa fundo na kushonwa, inabanwa tu kwenye kola kwa kibanio, na ukiivuta inachomoka. Vile vilivyoonekana kuwa viatu vya ngozi vilikuwa viatu kwa mbele tu. Nyuma havikuwa na kisigino, ni ndala zilizovishwa sura ya kiatu. Wizara ya Sheria ilikubali mavazi hayo baada ya mawakili kudai kwamba raia wasio na mazoea ya mahakama wakimwona mtu katika nguo za mahabusu watamhukumu kabla ya ushahidi.

Kijana huyo naye aliingia na pingu na kamba. Sisi tulio kwenye viti vya wasikilizaji tulimwona, na jamaa zake wakamwona. Alifunguliwa, kamba ikafichwa, ndipo mlango wa nyuma ya meza kuu ulipofunguliwa na majaji wakaingia na wale raia sita, wakamkuta amesimama kama mtu yeyote aliyevalia kwenda kazini.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Kama nguo na pingu zinaweza kumpotosha raia, basi zinaweza kumpotosha jaji pia, ambaye ni binadamu kama raia huyo na ambaye, katika nchi ambamo zaidi ya asilimia 99 ya wanaoshtakiwa hutiwa hatiani, amezoea kuwaona wakiingia hivyo kila asubuhi. Na kama haziwezi, basi bado kuna yule bibi mwenye mkoba. Televisheni za Japani huziba pingu za mtuhumiwa kwa ukungu ili kumhifadhia heshima. Ndani ya mahakama ile, ndugu yake hakuhifadhiwa chochote.

Jioni, wakili mmoja rafiki wa mwalimu alitueleza kwamba huwaandikia majaji maombi ya wateja wake kufunguliwa nje ya mlango, au angalau nyuma ya pazia, na kwamba mengi hukataliwa kwa kuwa usalama ni jukumu la askari. Nilikuwa nimekwisha kurejea nyumbani niliposoma kwamba Mei 2019 Mahakama ya Wilaya ya Osaka ilitamka kuwa mshtakiwa ana haki, inayostahili ulinzi wa sheria, ya kutoonekana na wasikilizaji akiwa na pingu na kamba. Waliofungua shauri hilo walidai fidia, wakanyimwa. Nilimtumia mwalimu barua pepe ya pongezi kwa ajili ya rafiki yake. Akanijibu kwamba wakili huyo sasa anainukuu hukumu hiyo katika kila ombi, na kwamba bado analazimika kuomba.