Mizani ya zamani, kompyuta mpya: nilivyozikutanisha

Kwanza nyinyi mnaomshauri kila mtu ambaye programu yake inakataa DLL "nakili DLL uitupe kwenye System32", tafadhali wacheni. (DLL ni faili ya msimbo ambayo programu nyingine huiazima, na System32 ni folda ya Windows yenyewe.) Ushauri huo ulinimalizia Jumamosi nzima.

Mteja wangu ni mama anayeuza misumari kwa jumla Kamukunji, Nairobi. Mizani yake ni nzima, chuma kitupu, lakini kompyuta iliyokuwa ikisoma uzito ilizima kabisa. Akanunua mpya yenye Windows 11, ambayo ni ya biti 64 tu, wakati programu nyingi za zamani ni za biti 32. Programu yangu ya mauzo nimeiandika kwa lugha ya C#, na kipengele chake cha risiti kiko kwa biti 64 pekee, kwa hivyo kuishusha hadi x86, yaani biti 32, haikuwezekana. Mizani nayo inaongea kupitia DLL moja ya enzi za Windows XP. Aliyeitengeneza hapatikani, na msimbo wake hatuna.

Kuwasha tu, kosa la BadImageFormatException, yaani "faili ina umbo baya". Jina hilo linakufanya udhani faili imeoza, kumbe ni nzima. Prosesi (programu iliyo kazini) ya biti 64 haipakii DLL ya biti 32 ndani yake, hata uibembeleze vipi. Ukitaka kujua faili yako ni ya upande gani, ifungue kwa Notepad utafute herufi PE karibu na mwanzo. Ikifuatiwa na L, ni biti 32. Ikifuatiwa na d yenye kialama kama msalaba, ni 64. Yangu ilikuwa L.

Fundi jirani akanisukuma kando. "Bosi, hii ni kitu kidogo. System32, washa upya, imeisha." Tukaweka, tukawasha upya, kosa lilelile. Akaweka tena, safari hii kwa nguvu za msimamizi, utadhani kompyuta ilitaka heshima. Wapi! Kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiko kunakokaa vitu vya biti 64, na vya biti 32 vinakaa SysWOW64. Programu ya biti 32 ikiomba System32, inageuziwa njia kimyakimya hadi SysWOW64. Kwa hivyo tulikuwa tumeiweka DLL mahali ambapo wanaoweza kuitumia hawaioni, na wanaoiona hawawezi kuitumia. Fundi akapendekeza turudishe XP.

"Kijana wangu," mama akauliza, "kwani hii mpya nilinunua ya nini?"

Fundi akakumbuka ana mteja mwingine.

Dawa ilikuwa kuwatenganisha. Niliandika kiprogramu kidogo cha x86, kazi yake ni kupakia ile DLL, kusoma uzito na kuutuma kwa maandishi, mstari mmoja, kupitia named pipe, mfereji wa Windows wa kupitishia data kati ya programu mbili. Programu kubwa inasikiliza upande wa pili. Ni kama makanga anayegonga bodi ya matatu: dereva haoni nyuma, lakini akisikia mapigo anajua la kufanya. Tuma maandishi au namba tu. Anwani ya kumbukumbu ya prosesi moja haina maana yoyote kwa nyingine.

Halafu kuna mtego wa `long`. Kwenye C ya Windows ni biti 32, kwenye C# ni 64. Mahali DLL inasema `long`, wewe andika `int`, la sivyo kilo tano za misumari zinaweza kutokea kama shehena ya meli.

Kompyuta mpya haikuwa na tundu la RS-232, lile la zamani la kebo ya mizani, nikanunua adapta ya USB kwa mia kadhaa pale Luthuli. Ikajiita COM7 (namba ya tundu ndani ya Windows), na DLL yetu ya kizee haijui kuhesabu kupita COM4. Nikaibadilisha namba kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, mizani ikaamka.

Sasa programu kubwa ndiyo inayokiwasha hicho kidogo, na kikifa inakifufua bila mama kujua. Malipo tulikuwa tumeongea elfu kumi na kitu. Mama akavuta chini, akanifidia kwa misumari ya inchi nne. Anayejenga anitafute.