Siku Baba Mkubwa Alipoleta Sale

Baba mkubwa alifika saa tisa alasiri, wazee wakiwa wameshakaa, ameshika sale kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kichanga. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya viti hadi alipoketi mama, akapiga magoti juu ya majani ya mgomba. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, magoti chini. Akalia.

Ilikuwa tarehe 27 Desemba 2001, nyumbani kwetu Uru, juu ya mji wa Moshi. Nilikuwa na miaka 15.

Asiye wa huku huenda asione uzito wa jambo lile. Sale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Ndio uzio wetu na ndiyo hati yetu. Jani lake hilohilo ndilo la kuombea radhi. Aliyekukosea akikuletea sale, unapokea, kwa maana kukataa ni kuiitia nyumba yako mkosi. Ukishapokea, kesi imefungwa.

Mama alipokea. Shangazi zangu wakapiga vigelegele, na mzee mmoja akafuta machozi kwa kofia yake. Hata mimi, niliyemchukia mtu yule kwa mwaka mzima na zaidi, koo lilinikaza kwa furaha. Nilidhani yamekwisha.

Baba alikuwa amefariki Machi 2000. Alikuwa kitindamimba, na kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza, alishapewa kihamba chake zamani, kikubwa kuliko chetu na kinachopakana nacho. Alijenga nyumba ya kuja kupumzikia sikukuu, maisha yake yakiwa Dar es Salaam. Matanga hayajaanuliwa, akauza ng'ombe wetu wa maziwa akisema fedha ni za kulipa deni la hospitali. Deni lile mama alishalilipa, na risiti ilikuwa ndani ya Biblia yake. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba na maneno ya upole: namhurumia sana shemeji, lakini mdogo wangu hakufa kifo cha Mungu. Kufikia mwisho wa mwaka, wanawake wa jumuiya walikuwa wakija kusali kwetu na kuondoka bila kugusa chai.

Pasaka ya 2001 alileta vijana wakang'oa masale ya mpaka na kuyapanda upya hatua 12 ndani ya kihamba chetu. Katika hatua zile 12 palikuwa na mibuni ya baba. Bei ya kahawa mwaka ule ilikuwa chini mno, watu wakiing'oa mibuni yao wenyewe ili wapande nyanya. Kwa hiyo hakuitaka kahawa. Hilo lilinisumbua tangu utoto: alikuwa na kila kitu, alitaka nini kwetu?

Na nani angemsikiliza mama? Mtu huyu alikuwa analipia ada watoto sita wa ukoo, na jina lake lilisomwa kanisani.

Baada ya sale, pombe ikaletwa. Mama alionja mbege kwanza, kama desturi inavyomtaka mwenye kukaribisha, kisha akampa baba mkubwa kata. Yeye akamwita mdogo wangu wa miaka sita, akamnywesha funda, akamtazama usoni kwa muda, ndipo akanywa. Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mzee na mtoto. Mama hakucheka.

Jua lilipokuwa linazama nilitumwa stoo kuchukua ndoo nyingine. Nilisikia sauti yake kabla sijafika mlangoni.

"Umepokea mbele ya ukoo mzima, shemeji. Ng'ombe, mpaka, vyote umesamehe. Sasa nenda barazani ukashtaki, tuone nani atakusikiliza."

Nikasukuma mlango. Akageuka, akanitazama, akatabasamu.

Nimejaribu miaka mingi kulieleza tabasamu lile. Halikuwa la aibu ya mtu aliyefumaniwa, wala halikuwa na hasira. Lilikuwa la mtu aliyeandaliwa chakula alichokitamani tangu asubuhi. Alifurahi kwamba mama ameumia, akafurahi zaidi kwamba mimi nimeona. Akanipapasa kichwa. "Soma kwa bidii, mwanangu," akasema, akatoka kwenda kucheza na wenzake.

Nilimwambia shangazi. Akanijibu kwamba mtoto anayefukua mabaya baada ya sale analeta laana nyumbani. Sikusema tena kwa miaka minane.

Mwaka 2009 nilikuwa nasomea uuguzi, na siku moja mwalimu wa afya ya akili alitufundisha habari za haiba. Alianza na yule kijana wa hadithi za Kigiriki, Narcissus, aliyeipenda sura yake mwenyewe majini, na jinsi jina lake lilivyozaa neno unarsisi: kujikweza kupita kiasi, kiu ya kusifiwa, kutojali maumivu ya wengine. Akasema upo unarsisi mbaya, "mbaya" ile tunayoitumia kwa uvimbe wa saratani, unaosambaa na kula kilicho jirani. Kisha akaandika ubaoni mambo manne aliyoyaunganisha Otto Kernberg, daktari wa akili aliyezaliwa Vienna mwaka 1928 na kufanyia kazi Marekani. La kwanza ni unarsisi wenyewe. La pili, kuvunja sheria na kudanganya bila kusutwa. La tatu, kushuku watu kwamba wanamtegea. La nne, ukatili ambao mwenyewe hauoni kuwa kasoro, unamstarehesha.

Niliacha kuandika. La pili lilikuwa ng'ombe wetu, na la tatu lilikuwa midomo ya mdogo wangu kwenye kata. Nilipofika la nne nilirudi mlangoni kwa stoo nikiwa na ndoo mkononi. Nilikuwa nimekaa miaka yote ile nikidhani labda niliona vibaya, labda mwanga ulikuwa hafifu, labda nina moyo mbaya. Kumbe watu walishaliona tabasamu lile mahali pengine, wakakaa chini wakaliandika.

Sitaki kusema baba mkubwa alikuwa mgonjwa wa hili au lile. Hakuna daktari aliyemkalisha kitini, na mimi ni muuguzi tu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliweka ugonjwa wa haiba ya kinarsisi kwenye orodha yake mwaka 1980, lakini huo mbaya hauna ukurasa wake humo. Ni maelezo ya wataalamu, si jina la kumpa mgonjwa kwenye faili. Nachukia ninaposikia watu wakilitupa neno hili kwa kila mume mwenye majivuno au bosi mkali. Mwenye majivuno ukimlilia, mara nyingi hushtuka. Baba mkubwa alipoliliwa alishiba.

Aliyetangulia kulitumia jina hilo la unarsisi mbaya ni Erich Fromm, mwanasaikolojia mzaliwa wa Frankfurt aliyeondoka Ujerumani Hitler alipokwisha kushika madaraka. Mwaka 1964 aliandika jambo ambalo lilinifungulia swali langu la utotoni. Kuna mtu, alisema, anayejivunia anachokifanya. Huyo ana kinachomzuia, maana kazi humlazimisha kuutazama ukweli. Na kuna anayejivunia alichonacho tu, sura, mali, ukuu wake. Huyo hahitaji kufanya lolote wala kumhitaji yeyote ili ajione mkubwa, kwa hiyo hakuna kinachomkosoa.

Niliposoma pale nilimwona baba. Baba alikuwa na majivuno, nisimtakase. Aliweza kumsimamisha mgeni nusu saa amwonyeshe alivyopogoa mibuni, na ukiipita bila kusifu alinuna hadi jioni. Lakini mbuni ukipogolewa vibaya hauzai, na haujali wewe ni nani. Baba mkubwa alikuwa na kitu kimoja ambacho hakukitolea jasho: alizaliwa wa kwanza. Nyumba ya babu na bibi kukaliwa na mdogo wake, kisha na mjane wa mdogo wake, ilikuwa kwake kama kofi la kila siku. Hatua zile 12 zilikuwa za kurudisha kofi.

Kitu kingine kilinishangaza. Kernberg anasema watu wa namna hii si kwamba hawana utu kabisa. Tofauti na wahalifu sugu wasio na uhusiano na yeyote, hawa huweza kuwa waaminifu kwa mtu fulani. Kweli. Bibi alipougua, baba mkubwa alimlisha uji kwa mkono wake, usiku na mchana, kwa wiki tatu. Niliona kwa macho yangu. Ndiyo maana ilikuwa vigumu sana kumweleza kwa mtu mwingine, na ndiyo maana simlaumu tena shangazi.

Lakini mama hakuyangoja masomo yangu. Usiku ule wageni walipoondoka aliosha masufuria yote, akaliweka lile jani mezani chini ya taa, akalala. Saa kumi na moja alfajiri aliniamsha.

"Chukua jembe."

Tulienda na kandili hadi kwenye mpaka mpya. Alianza kuyachimbua masale moja baada ya jingine, taratibu, asikate mizizi, nami nikiyabeba hadi kwenye mstari wa zamani. Haukuwa mgumu kuuona. Vijana wa Pasaka walikuwa wameacha visiki ardhini, navyo vilikuwa vimechipua.

"Mama," nilimwuliza, "si umeshapokea?"

"Nimepokea. Na nimemsamehe kweli, sitaki kumbeba moyoni." Aliinama tena. "Sale la radhi ni lile liko mezani. Haya ni ya mpaka."

Tulikuwa tumebakiza machache kulipopambazuka. Kibo ilikuwa wazi, nyeupe, kama inavyokuwa asubuhi za Desemba kabla mawingu hayajapanda. Baba mkubwa alitoka uani kwake na mswaki mdomoni, akatuona, akasimama.

"Umeamkaje, shemeji," mama akamsalimia, huku akishindilia udongo kwa unyayo.