Mgonjwa Mwenye Kadi Mbili

Nilipokuwa katika mafunzo ya uzamili ya famasia ya hospitali, sehemu ya mafunzo hayo niliifanyia Mombasa, katika hospitali ya umma ambako sisi wafamasia tulipangwa wodini pamoja na madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa, tukizunguka nao kitanda kwa kitanda kila asubuhi. Mpango huo ulikuwa bado mgeni kwa wengi. Mfamasia wa Kenya husoma shahada kwa miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mazoezi ya lazima ndipo Bodi ya Famasia na Sumu imsajili, na baada ya hapo mara nyingi huishia dirishani, akitoa dawa ambazo mtu mwingine amekwisha kuziamua. Mkufunzi wetu, mwanamke mzaliwa wa Mombasa, aliliona jambo hilo kuwa upotevu wa elimu, nami nakubaliana naye hadi leo. Alipenda kutukumbusha kwamba huko Marekani Harvey Whitney alianzisha mafunzo ya wafamasia hospitalini, katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1927, na kwamba mfamasia wa huko anayetaka kufanya kazi wodini siku hizi kwa kawaida hupitia mwaka mmoja wa mafunzo baada ya shahada, kisha mwaka wa pili akitaka kubobea katika fani kama vile saratani au wagonjwa mahututi. Sisi, alisema, tutafika huko kwa kuwajua wagonjwa wetu, wala hatutafika kwa kukaa stoo.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mama wa makamo kutoka Mtongwe, aliyelazwa usiku katika wodi ya wanawake. Homa ya baridi yabisi ilikuwa imemharibu moyo tangu utotoni, na miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amefanyiwa upasuaji nchini India, akawekewa vali ya bandia ya kimakanika. Mtu mwenye vali ya namna hiyo hana budi kutumia wafarini maisha yake yote, ili damu isigande juu ya vali na bonge lake likapanda hadi kwenye ubongo. Nguvu ya dawa hiyo hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Kwa vali ya bandia iliyo mahali pa vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, kama yake, tunataka kipimo kiwe kati ya 2.5 na 3.5, kikishuka, damu huganda, na kikipanda sana, mgonjwa huvuja damu.

Alichokuja nacho hospitalini kilikuwa mkojo mwekundu. Daktari kijana aliyempokea usiku alifikiri kama ambavyo yeyote angefikiri: mgonjwa wa wafarini, mkojo mwekundu, basi anavuja damu. Maabara haikuweza kupima INR usiku ule, hivyo aliagiza wafarini isimamishwe na vitamini K, ambayo huipinga wafarini, iandaliwe, na uamuzi wa mwisho ufanywe kwenye raundi ya asubuhi. Simlaumu. Kwa taarifa alizokuwa nazo, tahadhari ile ilikuwa na maana.

Kabla ya raundi, kazi yangu ilikuwa kuchukua historia ya dawa ya kila mgonjwa mpya. Mkufunzi alikuwa ametukataza kumwuliza mgonjwa, "Unatumia dawa gani?" kwa sababu swali hilo huletewa jibu fupi, nalo huwa ni la dawa ile tu ambayo mgonjwa anadhani wewe unaitaka. Alitufunza kumwomba mgonjwa atusimulie siku yake tangu anapoamka hadi anapolala, na kila kitu anachokila au kukinywa kwa ajili ya afya, iwe ni habasoda iliyonunuliwa Marikiti au mzizi aliochemshiwa na jirani. Hapo ndipo ninapoona thamani ya mafunzo haya, maana hakuna kitabu kinachomfundisha mtu kusikiliza kwa utaratibu; hilo hufunzwa na mtu aliyesimama kando yako, anayekusahihisha papo hapo.

Nilimwamkia, akaitika, nami nikavuta kiti. Alianza na chakula: kisamvu na mchicha, ambavyo nilivitilia maanani kwa kuwa mboga za majani zina vitamini K nyingi na huweza kuipunguza nguvu wafarini, ingawa alikuwa akizila kwa kiasi kilekile kwa miaka. Akaitaja wafarini, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila usiku, bila kukosa. Nikamwuliza kuhusu asubuhi.

"Asubuhi nikisha kuswali alfajiri nala zile za kifua," akasema, "kabla sijatia kitu tumboni, kama nilivyoambiwa."

"Za kifua zipi, mama?"

"Za zahanati, mwanangu. Nilikuwa nakohoa sana, wakanipima, wakanipa kadi. Hizo hata si za hapa."

Kadi ilikuwa ndani ya mkoba wake, imefungwa pamoja na vidonge katika mfuko wa plastiki, mbali na kadi ya moyo. Alikuwa na kifua kikuu na alikuwa ameanza matibabu wiki tatu zilizopita, kwa vidonge vyenye dawa nne pamoja, mojawapo ikiwa rifampisini. Katika nafasi ya dawa nyingine mtu alikuwa ameandika maneno mawili tu: dawa za moyo. Mama huyu hakumficha mtu chochote. Huku alishughulikiwa kifua, kule alishughulikiwa moyo, na hakuna upande uliomwomba auoneshe mfuko wa upande wa pili.

Nikamwuliza mkojo wake ni mwekundu wa namna gani. "Kama maji ya mabuyu," alijibu, na yeyote aliyekulia Mombasa ataiona rangi hiyo mara moja. Damu haina rangi hiyo, lakini rifampisini inayo. Huupaka mkojo, jasho na hata machozi rangi ya chungwa iliyokolea, na haina madhara kwa hilo. Hatari yake kwa mama huyu ilikuwa upande mwingine kabisa. Rifampisini huvichochea vimeng'enya vya ini vinavyovunjavunja wafarini, na katika muda wa wiki mbili hivi vidonge vilevile vya kila usiku huwa havitoshi tena. Nilimwomba muuguzi achovye kijiti cha kupimia mkojo; hakikuonyesha damu. Majibu ya INR yalipokuja yalikuwa 1.3.

Kwa hiyo tulikuwa karibu kumwondolea wafarini, na kumwongezea vitamini K, mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa tayari rahisi kuganda juu ya vali ya bandia. Niliyaeleza hayo kwenye raundi, mkufunzi akiwa amesimama nyuma yangu bila kuninusuru kwa neno, kwa kuwa alitaka niyatetee mwenyewe. Daktari bingwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa nini tusimhamishie kwenye mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ambazo hazihitaji INR. Nilijibu kwamba dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa vali za bandia, na utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2013, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu walioitumia walipata mabonge ya damu na kuvuja damu zaidi kuliko wenzao wa wafarini. Kuiondoa rifampisini nako hakukufaa, kwa sababu ndiyo nguzo ya tiba ya miezi sita, na bila yake kifua kikuu hutibiwa kwa muda mrefu zaidi.

Tukakubaliana: vitamini K ifutwe, apewe sindano za enoksaparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kila saa 12 kulingana na uzito wake, hadi INR ifike panapotakiwa, na wafarini iongezwe hatua kwa hatua huku tukipima. Wafarini ilipanda hadi mara tatu ya dozi yake ya awali. Daktari kijana wa usiku ule alikuja baadaye famasia kuniuliza dawa nyingine zinazogongana na rifampisini, nasi tukakaa naye kwa muda mrefu, kuanzia dawa za ukimwi hadi vidonge vya uzazi wa mpango.

Kabla mama hajaruhusiwa, mkufunzi aliniagiza niandike kwenye kadi zote mbili, kwa Kiswahili na kwa wino mwekundu: rifampisini ikikoma, wafarini ipunguzwe. Ini halirudi katika hali yake ya kawaida siku moja. Huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo dozi kubwa ya wafarini inayomfaa leo ingeweza kumwua kwa kuvuja damu. Nilimweleza hayo yeye na binti yake, nikawaomba wanieleze tena kwa maneno yao, na binti akayarudia bila kukosea.

Zamu yangu Mombasa iliisha kabla matibabu yake ya kifua hayajaisha. Mwenzangu aliyepokea wodi aliniarifu baadaye kwamba mama alikuja kliniki na kadi zote mbili mkononi katika wiki aliyomaliza vidonge vya kifua, wafarini ikaanza kupunguzwa huku INR ikipimwa kila wiki, mpaka akarudi kwenye miligramu 5 zake za usiku.