Programu Usiyoiomba Ndani ya Programu Uliyoiomba

Mtu anayepakua programu ya bure ya kubana mafaili au kucheza video huwa amekwisha kuamua anachokitaka, ndiyo maana hasomi kila dirisha linalomjia wakati wa kusakinisha. Hubonyeza “Endelea”, kisha “Endelea” tena, na kazi inapokwisha hukuta kivinjari chake kina upau mpya wa zana, ukurasa wa mwanzo umebadilika, na kila analolitafuta linapitia kwenye injini ya utafutaji asiyoijua. Wengi humlaumu kwa kutosoma. Mimi naona lawama hiyo imemwangukia asiyestahili, kwa sababu madirisha hayo yameundwa na watu wanaojua fika kwamba hayatasomwa.

Tazama yanavyopangwa. Kuna njia ya haraka, iliyoandikwa kwamba ndiyo inayopendekezwa, na njia ya kujichagulia, ambayo mara nyingi maandishi yake yamefifishwa hata ikaonekana kama haibonyezeki. Ukifuata ya haraka, umehesabiwa kuwa umekubali yote. Ukifuata ya pili, ndipo unapoviona visanduku vilivyotiwa tiki kabla hujagusa chochote. Wakati mwingine programu ya ziada hupewa ukurasa wake wenye masharti marefu na kitufe cha “Nakubali”, ukafanana kabisa na leseni ya programu uliyoifuata, na mtu akadhani kwamba akikataa basi usakinishaji wote utasitishwa. Kukubali kwa namna hiyo hakuwezi kuitwa ridhaa.

Chanzo chake ni fedha. Mwenye kisakinishi, yaani faili linaloiingiza programu kwenye kompyuta, hulipwa kwa kila kompyuta iliyoingizwa programu ya ziada, na utafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta malipo ya kati ya senti 10 na dola 1.50 za Marekani kwa kila usakinishaji. Kiasi hicho ni kidogo kwa kompyuta moja, lakini ni kikubwa mno kwa programu inayopakuliwa na mamilioni ya watu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mtindo huu uliingia hata kwenye programu huria, ambazo watu hujitolea kuziandika. Mwaka 2011 Gordon Lyon, mwandishi wa Nmap, programu ya kukagua mitandao ya kompyuta, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com ilikuwa imeifungia programu yake ndani ya kisakinishi kingine chenye nyongeza ambazo yeye hakuziweka. Mwaka 2013 watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, waliacha kuitumia SourceForge, tovuti ya kupakulia programu huria, kusambaza toleo la Windows, na mwaka 2015 ikabainika kwamba SourceForge imeushika ukurasa wao wa zamani na kutoa GIMP ikiwa na matangazo ndani ya kisakinishi. Mwaka uliofuata tovuti hiyo iliuzwa, na wamiliki wapya wakaufuta mpango wa visakinishi hivyo. Java nayo, programu ambayo programu nyingine huihitaji ili zifanye kazi, kwa miaka kadhaa ilileta upau wa injini ya utafutaji ya Ask pamoja na masasisho yake ya usalama, kwa hiyo mtu mwangalifu aliyesasisha kila alipoambiwa ndiye aliyekutana na kisanduku cha upau huo mara nyingi zaidi. Sioni namna yoyote ya kulitetea jambo hilo.

Sisemi kwamba mtengenezaji wa programu ya bure asitafute riziki. Anaweza kuomba mchango, au kuitangaza programu nyingine waziwazi na kukiacha kisanduku bila tiki, ili anayeitaka aichague mwenyewe.

Kwa sasa, pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na uchague njia ya kujichagulia hata kama imeandikwa kwamba ni ya wataalamu. Iwapo nyongeza imekwisha kuingia, kuiondoa kwenye orodha ya programu mara nyingi hakutoshi, kwa sababu mipangilio ya kivinjari hubaki ilivyobadilishwa: fungua orodha ya viendelezi, yaani vijiprogramu vilivyoongezwa kwenye kivinjari, ufute usivyovitambua, kisha urudishe injini yako ya utafutaji na ukurasa wa mwanzo kwa mkono.